Kisogo cha Nina: Mtoto wa Mama Mgonjwa wa Akili katika A Question of Power ya Bessie Head

Methali ya Waswahili husema kuwa mwana hutazama kisogo cha nina. Wafasiri wa methali hii aghalabu huielekeza kwenye suala la kurithi tabia: mtoto aliyebebwa mgongoni hujifunza mwendo wa ulimwengu kwa kumwangalia aliyembeba. Hata hivyo, methali yenyewe ina jambo jingine lisilotajwa sana. Kisogo si uso. Mtoto aliye mgongoni hayaoni macho ya mamake, hajui mama anatazama nini wala anaogopa nini. Anachokijua ni joto la mgongo, kasi ya hatua na mtetemo wa sauti, na kutokana na dalili hizo chache hana budi kujijengea picha ya dunia. Je, huwaje pale ambapo mama aliyembeba anawaona watu wasioonwa na wengine, na kujibizana nao usiku kucha?

Swali hilo ndilo linalochunguzwa katika makala hii, kwa kuzingatia riwaya ya A Question of Power, iliyochapishwa London mwaka 1973 na kuingizwa mwaka uliofuata katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa kampuni ya Heinemann. Riwaya hii ya Bessie Head imehakikiwa mno. Wapo waliouona wazimu wa Elizabeth, mhusika mkuu, kuwa sitiari ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini uliohamia ndani ya nafsi. Wapo waliouona kuwa ni maasi ya mwanamke dhidi ya ubabe wa wanaume, unaowakilishwa na Sello na Dan, viumbe wa njozi wanaomtesa na ambao majina yao yamepewa sehemu mbili za kitabu. Mtoto wa Elizabeth, mvulana mdogo anayeitwa Shorty kwa jina la utani, hutajwa katika uhakiki huo kwa sentensi moja au mbili, naye huchukuliwa kama kamba tu: kitu kinachomvuta mama arudi duniani kila anapokaribia kuzama. Usomaji huo hauna kosa, ila umepungukiwa. Shorty ni akili inayokua. Yeye yumo katika kazi ya kujifunza dunia ni nini, na anaifanya kazi hiyo ndani ya nyumba ambamo mtu anayepaswa kumtajia majina ya vitu haaminiki tena katika kuvitaja.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana sababu maalumu ya kuijali tofauti hii. Wazimu si mgeni katika fasihi hiyo. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971), anayeugua ni kijana Kitaru, na wazazi ndio wanaohangaika juu yake. Jicho la wasiwasi linatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), mtoto wa Kazimoto huzaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, akawa ishara ya maradhi ya wazazi na ya kizazi kizima cha wasomi. Huyo ni mtoto aliyefanywa ishara kabla hajapewa nafasi ya kuwa mtu. Na katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), mwandishi huyohuyo ameufanya uvukaji wa mipaka ya akili ya kawaida kuwa njia ya kuutafutia ukweli. Hizo ni kazi kubwa, na makala hii haikusudii kuzipunguzia hadhi. Ila msafiri wa Nagona hana mtoto anayemngoja nyumbani ampikie uji wa asubuhi. Elizabeth anaye. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, ya jikoni, lakini inabadilisha maana nzima ya safari.

Maisha ya mwandishi yanajulikana vya kutosha, nayo yanahitaji kutajwa hapa kwa ufupi. Bessie Head alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Napier, Pietermaritzburg. Mamake alikuwa Mzungu aliyelazwa humo. Babake alikuwa Mwafrika. Wakati huo sheria ya mwaka 1927 ilikuwa imekwisha kuharamisha mapenzi ya nje ya ndoa baina ya Wazungu na Waafrika, kwa hivyo kitoto hicho kilikuwa ushahidi wa makosa mawili, la akili na la rangi. Kilipelekwa kwanza kwa familia ya Kizungu, kikarudishwa rangi yake ilipotambulikana, kisha kikalelewa na familia ya machotara. Mama alifariki mwaka 1943. Bessie alikuja kuambiwa habari hizi akiwa msichana katika shule ya wamisionari mjini Durban. Mwaka 1964 alihamia Serowe, Botswana, pamoja na mwanawe mdogo, kwa kibali cha kutoka kisichoruhusu kurudi; na mwaka 1971 yeye mwenyewe alilazwa katika hospitali ya akili ya Lobatse. Mwandishi huyu, basi, alikuwa mtoto wa mgonjwa, kisha akawa mgonjwa mwenye mtoto. Ni nadra mno kumpata mwandishi aliyeitazama hali hii kutoka pande zote mbili.

Hilo halimaanishi kwamba riwaya isomwe kama faili la hospitali. Wahakiki kadhaa wamefanya hivyo, wakahangaika kulipa jina la kidaktari kila njozi ya Elizabeth, kana kwamba kazi ya fasihi huisha pale ugonjwa unapotambuliwa. Kinachohitajika ni kutazama jinsi Head alivyoyapanga mambo aliyoyajua, na alichokiweka mbele.

Alichokiweka mbele, mapema kabisa katika kitabu, ni unabii. Elizabeth anapofika katika shule ya misheni, mkuu wa shule humwita na kumfahamisha kwamba yule aliyemdhania kuwa mamake si mamake; kwamba mama halisi alikuwa Mzungu, alikuwa na wazimu, na kwamba yeye naye ajihadhari asije akaishia kuwa vivyo hivyo. Msichana ana umri wa miaka 13. Kuanzia siku hiyo kunakuwa na sheria mbili shuleni. Wenzake wakipigana, wakang'ata na kukwaruzana, ni watoto wanaopigana. Elizabeth akifanya hayohayo hufungiwa chumbani peke yake, kwa kuwa mamake alikuwa mwendawazimu. Nao watoto, wepesi wa kusoma dunia ya wakubwa, huigundua sheria hiyo na kuanza kuitumia dhidi yake.

Sehemu hii ni fupi, kurasa chache tu, na wahakiki wengi huipita mbio wakiwahi njozi za Sello. Ni makosa, kwani hapa ndipo Head anaposema jambo zito zaidi kuhusu ukuaji wa akili ya mtoto wa namna hii. Elizabeth anajifunza nini katika chumba cha kufungiwa? Anajifunza kwamba hasira yake si jamii moja na hasira za wenzake. Tendo moja lina majina mawili, na jina hutegemea mtu aliyezaa, si mtu aliyetenda. Mtoto wa kawaida huijua hasira yake kwa kuilinganisha na ya wengine: naye alikasirika, nami nimekasirika, kumbe ndivyo watu walivyo. Elizabeth amenyang'anywa ulinganisho huo. Kila msisimko wa ndani umekwisha kuwekewa tafsiri kabla hajauhisi, na tafsiri yenyewe ni ya kuogofya. Miaka mingi baadaye sauti zinapoanza kumjia usiku huko Botswana, hazimkuti mtu asiye na habari. Zinamkuta mtu ambaye hukumu yake ilikwisha kuandikwa, imekaa inangoja.

Inafaa kuonyesha pia kwamba Head hakuuacha unabii huo bila mpinzani. Elizabeth huenda kwa mlezi wake, mwanamke maskini wa kichotara, kuuliza kama hayo ni kweli. Mlezi hakani. Yeye naye anasimulia habari ya mama aliyefungiwa, ila katika simulizi yake mna mtu mwingine ambaye mkuu wa shule hakumtaja: bibi wa Kizungu, mama wa mgonjwa, aliyesisitiza kwamba kitoto kile ni damu yake, akaja kukitazama ingawa ndugu zake walipinga. Mlezi analia anaposimulia. Ukweli ni uleule, lakini umeingizwa katika hadithi nyingine. Kwa mkuu wa shule, wazimu wa mama ni mbegu iliyofichwa mwilini mwa mtoto. Kwa mlezi, ni msiba uliompata mtu aliyekuwa na watu wake. Hadithi ya kwanza inamwambia mtoto yeye ni nini. Ya pili inamwambia ametoka kwa nani. Tofauti baina ya maswali haya mawili ni kubwa, na mtu anaweza kuiona hata katika maneno ambayo Waswahili wenyewe huyatumia.

Neno wazimu lina uhusiano na mzimu na mizimu. Ni jambo linalomjia mtu kutoka nje na kumkalia. Majununi nalo, lililotoka Kiarabu, lina jini ndani yake. Kwa mujibu wa maneno haya mgonjwa ni mtu aliyevamiwa, na aliyevamiwa anaweza kuachwa. Lakini jamii hizohizo, inapofika siku ya posa, hutuma watu kuchunguza kama katika ukoo wa bibi arusi au wa bwana arusi pamewahi kuwa na kichaa, na methali ya mtoto wa nyoka huwa karibu na ulimi. Yaani lugha inasema maradhi ni mgeni, na desturi inasema ni mwenyeji. Mtoto wa mgonjwa hukulia katikati ya kauli hizi mbili zisizopatana, akizisikia zote mbili, mara nyingi kutoka kwa mtu mmoja.

Utafiti wa kisayansi haujasimama upande wa mkuu wa shule, wala haujampinga kabisa. Mwaka 1966 Leonard Heston alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya watu 47 waliozaliwa na akina mama wenye skizofrenia katika hospitali za akili za jimbo la Oregon, Marekani, na kutenganishwa nao siku chache tu baada ya kuzaliwa. Hao ni watu waliokuja duniani karibu kama alivyokuja Bessie Head. Watano kati yao walikuja kuugua skizofrenia, na katika kundi la kulinganishia la watu 50 hakuugua hata mmoja. Damu, basi, ina neno. Lakini wanaoitaja hesabu hiyo husahau kuwa 42 hawakupatwa na ugonjwa huo. Baadhi yao walikuwa na matatizo mengine, ni kweli. Ila wengine walimshangaza mtafiti mwenyewe kwa vipaji vyao na kwa maisha yenye uchangamfu kuliko ya kundi la kulinganishia. Utafiti wa karibuni zaidi nchini Denmark, ujulikanao kama VIA, uliwapima watoto 522 wenye umri wa miaka 7: 202 wa mzazi mwenye skizofrenia, 120 wa mzazi mwenye baipola, yaani maradhi ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na 200 wa kulinganishia. Kwa wastani, watoto wa kundi la kwanza walikuwa nyuma katika kasi ya kuchanganua mambo na katika ile kumbukumbu ya kulishika jambo kichwani huku ukilifanyia kazi. Wale wa kundi la pili walikaribiana sana na wenzao wa kawaida. Walipopimwa tena wakiwa na miaka 11, pengo lilikuwapo bado, ila halikuwa limepanuka.

Matokeo haya ni ya maana, na mhakiki wa fasihi anayeyapuuza hujinyima. Yanabatilisha unabii wa aina ile ya misheni, kwa sababu hayasemi kuwa mtoto ataugua. Yanasema baadhi yao wana mzigo wa ziada darasani, ambao mwalimu makini angeweza kuuona na kuusaidia. Hata hivyo, wastani si mtoto. Hakuna mtoto aitwaye wastani aliyewahi kurudi nyumbani kutoka shuleni na kumkuta mamake amelala mchana, uso umeuelekea ukuta, na kulazimika kuamua kama amwamshe au amwache. Uamuzi huo ni kazi ya akili. Ni kazi ngumu kuliko nyingi zinazopimwa kwa vibao na maumbo, na mtihani hauna mahali pa kuiandika.

Riwaya je, inayo mahali hapo? Jibu ni ndiyo na hapana, na ile hapana ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza. Usimulizi wa A Question of Power ni wa nafsi ya tatu, lakini ni nafsi ya tatu iliyogandamana na Elizabeth. Msomaji huona anachokiona Elizabeth, pamoja na wale wasiokuwapo. Matokeo yake ni kwamba Shorty huonekana pale tu mama anapokuwa na uwezo wa kumwona. Asubuhi njozi zikilegea, mtoto yupo: anataka chakula, anauliza maswali, ana mipango yake ya siku. Usiku Dan anapokuja na gwaride lake la matusi na uchafu, mtoto hutoweka katika ukurasa. Inachukuliwa kuwa amelala. Lakini nani aliyehakikisha kuwa amelala? Nyumba ni ndogo, na mama anayeteswa na sauti hatesekei kimya. Kwa hivyo ule uchangamfu wa Shorty ambao wahakiki wameusifu, wakauita ustahimilivu wa utoto, kwa sehemu umezaliwa na fani. Kurasa zinamwonyesha akiwa mzima kwa sababu zinamwonyesha katika saa ambazo mama yu mzima. Saa ambazo alihitaji kutazamwa kuliko zote hazina mtazamaji.

Mtu anaweza kuuita huu udhaifu wa riwaya, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyo. Head angeweza kumpa mtoto sura moja ya peke yake. Lakini ukimya huu una ukweli wake pia, tena ukweli mchungu. Hivyo ndivyo mzazi mgonjwa anavyomjua mwanawe: kwa vipande, na mapengo katikati. Akirudi kutoka alikokuwa humkuta mtoto amekwisha kujifunza mambo ambayo yeye hakumfunza, wala hajui aliyajifunza saa ngapi.

Tukio la mpira linafahamika na wengi. Elizabeth amefika mahali pa kuukatia roho uhai, yeye na huenda mtoto pia. Naye mtoto, asiyejua lililopangwa, anachotaka ni mpira wa kuchezea. Mpira unapatikana, mchezo unaanza, na mpango wa kifo unapoteza nguvu. Wanaoisoma kamba husema hapa mtoto amemwokoa mama. Ni sawa. Ila tukio hilohilo likisomwa kwa upande wa mtoto lina sura nyingine. Mtoto anaomba mpira kwa sababu anaamini kesho ipo. Imani hiyo ameipata wapi, katika nyumba ile? Haikutoka mbinguni. Kuna mtu, au kuna kitu, kilichomfundisha kwamba siku hufuatana, na kwamba linaloombwa leo huweza kupatikana.

Swali hili linaielekeza makala kwenye bustani. Kijiji cha Motabeng, ambacho jina lake lina maana ya mahali pa mchanga, ni pahali pagumu kwa mmea na kwa mgeni. Elizabeth amepoteza kazi yake ya ualimu, kwa kuwa baada ya kuugua aliambiwa alete hati ya kuthibitisha kuwa ana akili timamu. (Msomaji atambue: mtu mwenye akili timamu haombwi hati hiyo, na asiye nayo hawezi kuipata.) Eugene, mkimbizi wa Kikaburu anayeendesha miradi ya elimu na kazi za mikono, humtia katika bustani ya mboga. Humo hukutana na Kenosi, mwanamke wa kijijini asiye na maneno mengi, na Tom, kijana Mmarekani aliyekuja kujitolea. Humo pia huota lile tunda dogo la manjano lililotoka katika nchi ya Rasi, ambalo hutengenezewa jamu. Kurasa za bustani ni ndefu, zimejaa vipimo, mitaro, mbolea na namna ya kuzuia jua, na baadhi ya wasomaji huziona kuwa za kuchosha. Ndizo kurasa ambamo mtoto anakua.

Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alishikilia kwamba kila uwezo wa juu wa akili huanza baina ya watu kabla haujakaa ndani ya mtu mmoja. Mtoto huzungumza na mtu kwanza, kisha hujifunza kuzungumza na nafsi yake, na huko ndiko kufikiri. Mary Ainsworth naye, aliyewachunguza watoto wachanga wa Waganda katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1967, aliona jinsi mtoto mwenye kumtegemea mama anavyomfanya kituo: hutambaa kwenda kuchunguza kitu, akageuka kumwangalia mama, kisha akaendelea. Ukiziweka kauli hizi mbili pamoja utaona hatari ya nyumba ya Elizabeth. Kituo kinahama. Mazungumzo yanakatika katikati ya sentensi, kwa kuwa mama anamjibu mtu mwingine. Lakini utaona pia kilichoiziba hatari hiyo. Tom huja, hula, hubishana na Elizabeth juu ya Mungu na siasa, na mtoto yupo hapo akisikiliza jinsi watu wazima wawili wanavyoweza kutokubaliana bila mmoja wao kuvunjika. Hilo ni somo. Katika nyumba ambamo mabishano ya usiku ni ya kuangamizana, kusikia mabishano ya mchana yanayoishia kwa kicheko ni sawa na kupewa kamusi.

Na Kenosi anafanya zaidi, ingawa kwa mtoto hasemi mengi. Elizabeth anapochukuliwa hospitalini kwa miezi mingi, baada ya kubandika ukutani pa posta tangazo la kumshutumu Sello, Kenosi huendelea na bustani na kuandika hesabu zake katika daftari, kwa Kiingereza chake mwenyewe kisichofuata sarufi ya shule: kilichovunwa, kilichouzwa, wageni waliopita. Elizabeth anaporudi hukabidhiwa daftari hilo. Ni moja ya sehemu nzuri mno katika riwaya ya Kiafrika, na uzuri wake hautokani na ufundi wowote wa wazi. Daftari ni kumbukumbu iliyowekwa nje ya kichwa. Mama amepoteza miezi, lakini miezi haikupotea, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuishika. Muda huohuo mtoto naye amekuwa mikononi mwa rafiki za mamake. Kwake pia kumewekwa daftari la namna hiyo, katika watu: siku ziliendelea kufuatana, chakula kilikuja kwa saa yake, mama akazungumzwa kama mtu atakayerudi. Hapo ndipo penye jibu la swali la mpira.

Kuna jambo moja la kumsaili Head hapa. Watu wanaomshika Shorty ni wageni kwa sehemu kubwa: Mmarekani, Kaburu, watu wa mradi. Bibi na shangazi wa Motabeng, ambao katika kijiji chochote cha upande huu wa Afrika wangekuwa wa kwanza kumchukua mtoto wa namna hiyo, hawapewi nafasi ya kutosha, isipokuwa Kenosi. Sababu ya kihistoria ipo, kwani Elizabeth ni mkimbizi na hana ukoo pale. Hata hivyo msomaji wa Afrika Mashariki hubaki na shauku ya kujua mtoto huyu angekua vipi mikononi mwa ukoo, ambao hulisha na kulaza, lakini pia hunong'ona.

Karibu na mwisho wa kitabu, Shorty anaandika shairi. Ni shairi la mtoto, linahusu kuruka angani: vinavyoruka vinaorodheshwa, kisha binadamu naye anapewa uwezo huo. Mama analisoma na kuona ndani yake muhtasari wa safari yake yote, na wahakiki wamemfuata. Hapa inafaa kumpinga mama, kwa heshima. Shairi si lake. Ni mahali pekee katika riwaya ambapo akili ya mtoto inasema bila kupitia macho ya Elizabeth, na inachokifanya ni kazi ya kawaida ya akili ya umri huo: kupanga vitu kwa jamii zake, halafu kuvunja mpango huo kwa makusudi ili kuona kitatokea nini. Mtoto anajua kwamba binadamu haruki. Ndiyo maana anaweza kucheza na wazo hilo. Mamake, kwa miaka mitatu au minne, hakuwa na mpaka huo wa kuchezea, kwani waliomjia usiku walikuwa wamekaa kitini kama watu. Je, mchezo huu wa mtoto ni wa mtoto yeyote, au ni wa mtoto aliyesikia mengi kupitia ukutani na sasa anayaweka katika umbo analolimudu? Matini haisemi, na kulazimisha jibu ni kurudi kwenye kazi ya mkuu wa shule.

Jambo moja matini inalisema kwa kutolisema. Elizabeth aliombwa hati ya akili timamu, mwanawe haombwi. Anapigana na wenzake, anacheza mpira, anarudi nyumbani amechafuka kwa mchanga wa Motabeng, na katika kurasa zote za kitabu hakuna mwalimu anayesimama mlangoni na ufunguo wa chumba.